Vipepeo Vinane

Mbeya, Sokoni
10 Julai 1957

Kwako mwanangu Bibie,

Mimi mzima, baba yako mzima ila magoti, na leo asubuhi maji ya ndoo yaliganda juu kama kioo, kwa hiyo ujue baridi ya Mbeya ipo palepale ulipoiacha. Wewe je? Nijibu hili kabla ya yote: unakula? Usiniandikie "nakula, mama." Niandikie umekula nini.

Nimemaliza vipepeo vitano. Damari jirani yetu alikuja jana akakaa mlangoni kwenye jua, akavishika kimoja kimoja, akasema, "Mama Bibie, hiki cha tatu kina kiuno kinene kama mimi." Nimekifumua. Kosa ni lile lile ninalokukumbusha wewe kila siku. Zile nyuzi tatu zinazoachwa zining'inie, moja kila duru, nilikuwa nimeziacha fupi. Basi duru ya nne ilipofika, kulabu ikaingia chini yake kuzikamata zote tatu pamoja na kuzifunga katikati, mabawa yakakataa kufunguka. Ziache ndefu, Bibie. Ndefu kuliko unavyodhani. Ukiziona zimelegea mpaka unaona aibu, hapo ndipo sawa. Kipepeo njano, ukingo kijani, na duru ya mwisho nyeupe kwa kila kipande, ili siku ya kuviunga pasiwe na ugomvi wa rangi.

Na usisahau tulivyokubaliana ulipokuja Iddi. Vinane vyako, vinane vyangu, kumi na sita, mistari minne ya vinne vinne, nyuma tunatia bafta. Mto wa kuegemeza mgongo wako hizo siku arobaini zako. Navyo vitaungwa hapa hapa sebuleni kwangu, wewe umeshika upande na mimi upande, mwezi wa tisa utakapokuja kungojea kujifungua. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama wa binti. Wewe nilikuzalia kwa mama yangu, na mama yangu alinizalia mimi kwa mama yake. Najua mkwe wako Bi Mwanakhamisi ana maneno yake. Lakini mumeo Muhidini alikubali mbele ya baba yako, tunakunywa chai, na kitumbua alikuwa nacho mkononi. Baba yako anapeleka nguo Chunya kwa wachimbaji, akirudi mwisho wa Agosti anapanda basi kuja kukuchukua.

Wewe ni mmoja, Bibie. Sina mwingine wa kumwogopea, ndiyo maana woga wote unakuja kwako.

Usinicheke mwandiko. Darasa la pili halikunifikisha kwenye mistari minyoofu.

Mimi mama yako,
Mwantumu binti Mrisho


Iringa
25 Julai 1957

Mama yangu mpenzi,

Haya: jana nimekula ugali na maharage, ndizi mbivu mbili, na supu ya kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu. Leo uji. Umeridhika?

Vipepeo vyangu viko vinne. Nyuzi nimeziacha ndefu mpaka nimeona aibu. Muhidini aliviona juu ya meza ya chumbani akasema ni vitambaa vya kufunikia vikombe, nami nikamwachia aamini hivyo, maana wanaume ukiwaeleza sana wanaanza kukufundisha.

Kuhusu safari, mama, Bi Mwanakhamisi anasema basi kutoka hapa mpaka huko ni kutwa nzima ya kutikiswa, na hakuna mwenye akili anayetikisa yai. Muhidini anasema tungoje tuone. Mimi sijui. Nimefikiri kitu kimoja, usikasirike: je, ungenitumia vile vyako vinane, nikaviunga mimi huku? Mto ungekuwepo tayari, kama safari itakuwa ngumu.

Habari nyingine hakuna. Viatu vyangu vyeusi nimempa Severina, yule mama wa Kihehe anayetuletea vikapu, maana vimenibana. Nashinda na ndara tu, ni raha.

Msalimie baba na Damari.

Mwanao,
Bibie


Mbeya, Sokoni
3 Agosti 1957

Bibie,

Sivitumi.

Nimekaa siku mbili nikifikiri nikujibu vipi kwa upole, upole haukuja, basi pokea hivi hivi. Sivitumi. Nikikutumia vyangu utaviunga huko, ukiviunga huko mto utakuwa huko, mto ukiwa huko mgongo nao utakuwa huko huko, na mimi nitabaki hapa nikisikia kwa watu wa basi kwamba nimepata mjukuu. Unafikiri sijui kuhesabu hatua?

Yai! Wewe ulikuja Iddi na basi hilo hilo, ukashuka ukila muwa. Wanawake wa Mbalizi wanapanda malori ya viazi na matumbo yao mpaka sokoni, wanashuka, wanauza, wanarudi. Nilimwambia Damari neno la yai, akasema, "Basi mwambie huyo mama, hata kuku wetu wa Mbeya hutaga ndani ya lori." Nilicheka, kisha nikakasirika tena.

Sasa viatu. Viatu hivyo nilikununulia mimi, na Iddi vilikuwa vinapwaya, ulitia pamba vidoleni. Vinakubana vipi? Miguu imevimba? Imevimba asubuhi au jioni? Ukibonyeza kidole, shimo linabaki? Nijibu hili. Usiniambie habari nyingine hakuna. Mtu hagawi viatu vizima kwa raha ya ndara.

Mimi nimemaliza vyangu vyote vinane. Vimo kwenye kikapu juu ya kabati. Kila nikipita navitazama, na kila nikivitazama naona nafasi ya vinane vingine, kama mtu aliyeng'oka meno ya chini.

Nijibu habari ya miguu.

Mama yako


Iringa
30 Agosti 1957

Kwa Mama Mzazi,

Natumaini barua hii itakukuta katika hali njema kama iniachavyo mimi. Mimi ni mzima wa afya. Kuhusu safari, imeahirishwa kwa sababu ya kazi nyingi za dukani. Kuhusu chakula, nakula vizuri. Kuhusu miguu, ni mizima. Usiwe na wasiwasi wowote.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi mwanao,
Bibie Isihaka


Mbeya, Sokoni
9 Septemba 1957

Bibie,

Barua yako nimeisoma mara nne, wala si kwa utamu. Kuhusu, kuhusu, kuhusu. Umekuwa karani wa boma? Na mwandiko umejipamba, kila herufi imevaa koti. Nani kakufundisha kuniandikia mimi hivyo, mimi niliyekufuta pua?

Kazi nyingi za dukani. Tangu lini wewe unapima sukari? Nakula vizuri. Nilikukataza neno hilo mwezi wa saba, nalo ndilo umenirudishia. Miguu ni mizima. Nilikuuliza asubuhi au jioni, nilikuuliza shimo, umenijibu kama mtu anayefukuza nzi.

Baba yako karudi kutoka Chunya tangu tarehe ishirini na nane na vumbi lake lote. Begi la safari ya Iringa lilikuwa tayari mlangoni. Barua yako ilipofika nikamwambia, fungua begi, hatakiwi mtu huko. Akalifungua. Baadaye akasema, "Mwantumu, huyo ni mke wa watu sasa." Nikamwambia najua ni mke wa watu, nilikuwepo siku ya kuolewa, pilau nilipika mimi.

Haya. Huji, usije. Lakini nataka vipepeo vyangu vinane. Vinane, si saba. Uliniahidi kwa mdomo wako mwenyewe, hapa, mbele ya Damari. Mpe dereva yeyote wa basi, avishushe dukani kwa baba yako. Vikifika nitajua bado nina mtoto anayenikumbuka. Visipofika, nitajua pia.

Mama yako,
kama bado


Iringa
24 Septemba 1957

Kwa Mkwe wangu mheshimiwa Bi Mwantumu binti Mrisho,

Nakupa salamu za heshima, wewe na Bwana Isihaka, na nyumba yenu nzima. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Barua yako ya tarehe tisa ilifika mikononi mwetu. Nimesikitika kwamba mzazi mwenzangu amekaa na kinyongo kwa ajili ya vipepeo. Bibie ni kijana, huenda aliahidi akasahau, na ahadi ya mtoto wa nyumba hii ni ahadi ya nyumba hii. Nakiri kwamba sikujua huko Mbeya kwenye baridi yenu mna haja kubwa hivyo ya vipepeo. Lakini kila nyumba na mambo yake, nami sikutaka kuuliza.

Kwa hiyo nimempa kazi Severina, ambaye katika mji huu wote hakuna anayemshinda kwa kusuka nyasi za milulu. Amesuka vinane, kama ulivyosema, si saba. Mipini ni ya mti mgumu, na ukingo ni mwekundu. Cha tano mpini wake ulipinda, nikamrudishia, akakitengeneza upya. Nimemkabidhi dereva mwenyewe, nikamwambia asivikalie.

Bibie anakusalimu, hana neno. Naomba kinyongo kiishe.

Mkwe wako,
Mwanakhamisi binti Saidi


Mbeya, Sokoni
2 Oktoba 1957

Kwa Bi Mwanakhamisi,

Kifurushi kimefika. Nilikifungulia dukani mbele za watu, maana nilikuwa nimejisifu mapema kwamba vipepeo vya mwanangu vinakuja. Nikakata kamba, nikafunua gunia, nikatoa cha kwanza. Cha kupepelea moto. Nikatoa cha pili. Cha kupepelea moto. Damari alishika ukuta kwa kicheko, akashukuru kwa Kinyakyusa chake. "Ndaga fijo, Mama Bibie, umetumiwa upepo!" Na wateja nao wakacheka, hata baba yake Bibie, ambaye hachekagi mpaka umwombe.

Mimi sikucheka. Nitakwambia kweli, mkwe. Nilidhani umenitukana. Nilidhani unaniambia kwa maringo ya pwani yenu, wewe mwanamke wa bara, kaa jikoni kwako upepee makaa yako, uache mambo ya nyumba yangu. Nilikwenda nyumbani nimeshika vipepeo vinane mikononi kama mwendawazimu, nikavitupa juu ya kabati, vikaangukia kikapu changu, vya uzi vikamwagika sakafuni vikachanganyika na vya milulu. Nikainama kuviokota. Nikiwa nimeinama hivyo, hasira ikakatika ghafla, nikabaki nimepiga magoti.

Vipepeo nilivyotaka ni vya uzi. Ni vipande vya foronya, vya kufuma kwa kulabu, kila kimoja kina mdudu kipepeo katikati. Wewe hukujua, na hukuwa na sababu ya kujua. Lakini Bibie anajua. Tulikaa naye wiki nzima tukivifuma hapa. Barua yangu angeiona hata kwa jicho moja, angekwambia, mama, si hivyo. Angecheka mpaka mtaa wa pili. Asingemwacha Severina akate hata jani moja.

Basi barua yangu hakuiona.

Nimeitoa ile ya mwezi wa nane nikaitandika karibu na ile ya mwezi wa saba. Bibie akiandika herufi ya k anaivuta mguu chini kama mkia wa panya. Ile ya mwezi wa nane haina mkia hata mmoja. Nilidhani amejifunza maringo. Kumbe si yeye. Mwezi mzima nimemgombeza mtu ambaye hakuwa anaandika wala hakuwa anasoma.

Bi Mwanakhamisi, mwanangu yuko wapi? Yu hai? Sitaki salamu, sitaki heshima, sitaki kila nyumba na mambo yake. Niandikie neno moja tu, hata likiwa baya. Barua ikichelewa nitakuja kwa miguu.

Mwantumu


Iringa
10 Oktoba 1957

Mama,

Ni mimi. Tazama mkia wa k.

Naandika kwa penseli, nimelala ubavu, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Kabla ya yote: mimi mzima, na mtoto anacheza. Sasa kaa chini ndipo usome yaliyobaki.

Miguu ilianza kuvimba mwezi wa saba, kabla sijakwambia viatu. Ikapanda. Mwezi wa nane ikafika mikononi, pete ikabidi ikatwe. Kulabu nilikuwa siwezi kuishika, vidole vilijaa kama maboga. Kisha uso, kisha kichwa kikawa kinauma mpaka naona nyota mchana. Daktari akasema nilale, nisile chumvi, nisipande gari lolote. Nikalala. Mwezi wa tisa nikazidiwa, nikakaa hospitali siku kumi, na barua yako ya hasira ilifika ndani ya siku hizo. Muhidini aliifungua kwa sababu aliogopa ni habari ya msiba. Hawakunisomea. Leo ndiyo nimeisoma, pamoja na hii ya mwisho.

Hii ya mwisho ilipofika, Bi Mwanakhamisi aliisoma kwa sauti hapa kitandani, mstari kwa mstari. Alipofika kwenye vipepeo vya uzi akaishusha mapajani. Akasema, "Lakini ameandika vinane! Vipepeo vinane. Angetaka wadudu angeandika wanane. Mimi Kiswahili nakijua." Muhidini akasema, "Mama, ni wa uzi, hawana roho." Akasema, "Basi aseme hivyo, watu tumesumbua mti mgumu bure!" Halafu akafika pale unapouliza kama niko hai. Akavua miwani, akatoka nje. Mpaka sasa anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Usimkasirikie. Wala Muhidini. Ile barua ya kuhusu kuhusu niliyemwambia Muhidini aiandike ni mimi. Nilisema, mwambie mama niko salama, kila alichouliza mjibu ndiyo. Wao walitaka kukuita tangu mwezi wa nane. Bi Mwanakhamisi aligombana nami. Aliniambia, "Angekuwa wangu ningetaka kujua." Nilimkataza kwa kulia, naye akaogopa kilio changu.

Nitakwambia kwa nini, na usome polepole. Nilipougua surua nina miaka tisa, unakumbuka? Mimi nakumbuka kwamba nilikuwa nimelala na homa, na wewe unalia pembeni, na mimi ndiye niliyekuwa nakubembeleza: mama usilie, napona. Baba alikuwa anakuletea maji wewe. Mama, ukiogopa wewe, nyumba nzima inakushughulikia wewe, na mgonjwa pia anaamka akushughulikie. Safari hii sikuwa na nguvu hizo. Nilitaka nafasi ya kuogopa mwenyewe.

Sikuandiki haya kukuumiza. Nimekaa nayo miezi miwili na yameniumiza mimi.

Vipepeo vyangu ni vinne na nusu. Cha tano kimekwama duru ya tatu, nyuzi zinaning'inia.

Siku zangu zimebaki wiki nne hivi. Ukitaka kuja, njoo. Natamani uje. Lakini kama unakuja kunililia, mama, nakuomba ubaki Mbeya.

Bibie


Mbeya, Sokoni
16 Oktoba 1957

Bibie,

Hii ni barua ya nne. Tatu nimezichana.

Jumatatu nipo kwenye basi. Sitakuuliza umekula nini.

Mama


Iringa
14 Novemba 1957

Kwako Isihaka,

Simu ya posta imekwambia mtoto kazaliwa, wa kike, wote wazima. Maneno machache kwa sababu yalikuwa ni maneno ya simu. Sasa nikueleze.

Nilifika hapa nimejifunga mdomo. Usicheke. Nilikuwa nimejiapia ndani ya basi, tangu nyumbani mpaka tunaingia Iringa, kwamba sitalia wala sitauliza. Nilipomwona, Isihaka, uso wake haukuwa uso wake. Nikasema, "Hujambo, mwanangu," nikaomba uzi. Nikakaa chini nikachukua kile kipande chake cha tano kilichokwama, nikaendelea pale alipoachia. Kila swali lilipofika mdomoni nilifuma duru. Siku ya kwanza nikamaliza kipande kizima na nusu, uone maswali yalikuwa mangapi.

Wiki ya kwanza vyake vyote vikatimia vinane, na vyangu nilikuwa nimevileta kikapuni. Bi Mwanakhamisi akasema sasa tuviunge, yeye ashike upande na mimi upande, kwa kuwa Bibie hawezi kukaa. Mimi moyo wangu ulikataa. Ule upande ulikuwa wa Bibie. Lakini Bibie alikuwa anatazama, basi nikampa. Ewe mume wangu, yule mama anaunga kwa mkono mzito! Uzi anauvuta mpaka vipepeo vinakunja mabawa kama vimenyeshewa. Nikimwambia legeza, ananiambia kwao foronya haikai uchi. Alipokwenda sokoni nilifumua mistari miwili nikaunga upya. Aliporudi akatazama, akatazama, akasema, "Uzi wa Mbeya unajilegeza wenyewe?" Nikaendelea kuunga. Kesho yake nikakuta mstari wangu mmoja umekazwa.

Ndivyo tulivyoishi. Hatukugombana hata siku moja, tulifumuliana tu.

Sasa Alhamisi ile. Ilianza asubuhi, tukampeleka hospitali sote, Muhidini akawa anasahau kila kitu, alivaa kofia ya kanzu na suruali ya dukani. Manesi wakaniruhusu mimi niingie. Mimi, si Bi Mwanakhamisi. Alibaki kwenye benchi, nami sikumtazama, maana ningemtazama ningempa nafasi yangu, na nafasi hiyo nilikuwa nimeisubiri tangu siku Bibie alipoolewa.

Nilikaa pembeni ya kitanda kama gogo. Sikuuliza. Sikusema pole, sikusema vumilia, mdomo nikaung'ata. Saa zikaenda. Mara Bibie akanigeukia na jasho lake akasema, "Mama, mbona huogopi?"

Isihaka, niliona kama nimefunguliwa kamba. Nikamwambia, "Naogopa mpaka meno yananiuma."

Akacheka, katikati ya uchungu ule akacheka. Akasema, "Mimi pia. Basi shika hapa." Akanipa mkono wake, nikaushika, naye akanishika mpaka kucha zikaingia. Hakuna aliyembembeleza mwenziwe. Tukaogopa wote wawili, kila mtu woga wake, mpaka adhana ya adhuhuri ilipopita na mtoto akalia.

Ni mdogo kama mkate wa boflo. Uvimbe wa Bibie unapungua, jana pete ya mama yangu, hii ninayovaa, ilipita kidole chake cha mwisho. Daktari anasema bado asinyanyuke sana, kwa hiyo usinitegemee kabla ya arobaini kwisha, na mchuzi wa Damari ukikushinda jifunze kupika.

Leo ni siku ya saba, na mtoto hana jina. Mimi nimeleta la mama yangu. Bi Mwanakhamisi ana la mama yake. Nimesema mtoto wa kwanza huchukua jina kwa mama wa binti, yeye akasema hilo ni la kuzaliwa na hakuzaliwa huko, nikasema kosa la nani, akasema la daktari, tukapandisha sauti kidogo. Kidogo tu. Bibie alikuwa ananyonyesha. Akasema, bila hata kutuangalia, "Tokeni nje wote wawili. Mtoto wangu nitamwita mwenyewe."

Tukatoka.

Nakuandikia niko kwenye mkeka nje ya mlango wa chumba. Bi Mwanakhamisi kaketi hapa ubavuni, ananiuliza naandika nini na kama nimemtaja. Nimemwambia nimemtaja kwa wema. Ndani kimya, hatusikii kitu, na kila mmoja wetu anamwambia mwenziwe apige hodi.

Mkeo,
Mwantumu